Penseli Mkononi mwa Muuguzi

Mzazi anayempeleka mwanawe chuo cha uuguzi huwa na matarajio yake. Hutarajia kuona mabuku mazito ya maradhi na dawa, sare iliyopigwa pasi na kipimo cha presha. Daftari la michoro halimo katika hesabu zake. Ndiyo maana baba mmoja aliniambia, kwa upole lakini kwa uchungu wa mtu anayelipa karo kwa shida: "Mwalimu, binti yangu nimemleta ajifunze kuuguza watu. Mbona jioni nzima anachora mkono?" Swali lake ni la haki. Nami, niliyefundisha wauguzi hapa pwani kwa miaka mingi, naona wazazi wote wanastahiki jibu.

Twamchorisha ili ajifunze kutazama. Mwanafunzi aingiapo wodini kwa mara ya kwanza hukuta wagonjwa wengi na muda mchache, basi husoma faili kabla ya kuusoma uso. Faili likisema upungufu wa damu, huuona upungufu wa damu. Faili likinyamaza, na macho yake hunyamaza. Penseli humzuia mwendo huo. Haiwezi kusogea juu ya karatasi mpaka jicho litangulie, na jicho likitangulia hukutana na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Jambo hili limepimwa na wenye ujuzi. Nchini Marekani, Irwin Braverman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, alishirikiana na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa ya Uingereza la chuo hicho kuwapeleka wanafunzi wa udaktari kutazama picha za kuchorwa. Kila mmoja alipewa picha asiyoifahamu, akaitazama kwa utulivu, kisha akawaeleza wenzake kila alichokiona kabla ya kuitafutia maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo: walipoonyeshwa picha za wagonjwa, wanafunzi hao walibainisha mambo mengi zaidi kuliko wenzao waliosomeshwa kwa mihadhara. Mwaka 2018 walimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha habari za wanafunzi 36 wa mwaka wa kwanza. Nusu yao walihudhuria vipindi sita, kila kimoja saa moja na nusu, katika jumba la sanaa la mji wa Philadelphia. Baadaye walipopewa picha za macho yenye maradhi, waliyaeleza vyema zaidi kuliko nusu ya pili.

Sisi wa Mombasa tunayo milango ya nakshi ya Mji wa Kale. Huwasimamisha wanafunzi mbele ya mlango mmoja kwa robo saa, kisha nawauliza wameona nini. Mwanzo husema, "Mlango mzuri, wa kale." Jibu hilo silipokei. Ndipo huanza kusema kwamba mfaa umelainika pale mikono inapoushika; kwamba ubao wa chini wa bawa la kushoto ni mpya kuliko wenziwe; kwamba mnyororo uliochongwa kwenye miimo umekatika mahali palipotengenezwa. Nawaambia kuwa kuandika "mgonjwa anaendelea vizuri" ni sawa na kusema "mlango mzuri". Aliyekuja zamu inayofuata hapati kitu humo.

Faida yake huonekana hasa katika miili yetu wenyewe. Tumefundishwa kutazama viganja vya mtoto ili kujua kama damu imepungua. Lakini siku za Idi watoto wetu huja zahanati na viganja vilivyojaa hina, na maharusi huja na piko mpaka kwenye kucha. Mwanafunzi aliyekariri kanuni hutazama kiganja chekundu akaridhika. Aliyezoea kutenganisha rangi ya wino na rangi ya ngozi hujua kwamba hapo kiganja hakisemi kweli, akashusha ukope wa chini kutazama utando wake wa ndani, akaomba kuuona ulimi. Huenda uhai wa mtoto ukategemea tendo hilo dogo.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyemwomba mama mjamzito idhini ya kuuchora mkono wake. Mama alikubali, wakawa wanazungumza taratibu huku penseli ikienda. Alipofika kwenye pete, mwanafunzi alisita. Pete ilikuwa imezama, na nyama imeinuka pande zote mbili. Akamuuliza, "Mama, pete hii hukubana siku zote?" Akajibiwa kuwa imeanza juzi, na kichwa nacho chamuuma. Wajawazito wengi huvimba bila ya madhara, na uvimbe peke yake si hukumu. Lakini ulitosha kumfanya amwite muuguzi wa zamu. Presha ilipopimwa ilikuwa juu sana, na mama akaanza kutibiwa kabla kifafa cha mimba hakijamfika.

Wapo wanaohofu kwamba twawageuza watoto wao kuwa wachoraji. La. Alama hazitolewi kwa uzuri wa mchoro. Mkono uliochorwa kombo lakini ukaonyesha uvimbe mahali pake hupata alama zote. Wapo pia wasiopenda sura za watu zichorwe. Hao huchora mkono, mguu au kidonda, na hawapungukiwi na somo. Wala sidai kwamba mchoro unachukua nafasi ya kipimo au dawa. Humfikisha muuguzi mahali pa kujua kipimo gani kinahitajika, na kwa nani, mapema.

Basi, wazazi wangu, mkiona mwana wenu ameketi barazani akichora jani la mkungu au mikono ya bibi yake, msimwite kwa kazi nyingine haraka. Muulizeni ameona nini ambacho jana hakukiona. Na siku mtakapolala nyinyi kitandani, akaja mwanafunzi akaomba ruhusa ya kukaa nanyi kidogo na kuwatazama, mkiweza mpeni nafasi hiyo.