Maji ya Wamagana na mashine ya mashua

Mtu akitaka ushauri kuhusu mashua haendi Wamagana. Ukishuka kwenye matatu iliyokutoa mjini Nyeri, utalakiwa na baridi ya milima ya Nyandarua, harufu ya moshi wa kuni na mashamba ya majani chai yaliyong'ang'ania miteremko. Watu wa Tetu wanajua ng'ombe wa maziwa, kahawa na chai. Watakukumbusha pia kwamba marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa Ihithe, katika Tetu hii hii. Lakini muulize mzee wa hapa tofauti ya mashua na ngalawa, naye atakuuliza kama umekula.

Hata hivyo, ni Wamagana nilikoanzia safari ya kutafuta jibu la swali moja: mashua ndogo ya tanga yahitaji mashine ya ukubwa gani?

Swali lenyewe lilitufikia kwa simu. Binamu yangu ni mtoto wa mojawapo ya familia zilizohama huku katika miaka ya 1970 kwenda kuanza maisha mapya Mpeketoni, kando ya Ziwa Kenyatta, huko Lamu. Kazi yake ni kununua na kuuza samaki. Alikuwa ameshirikiana na nahodha mmoja wa Kipini kununua mashua ya futi zaidi ya 20, na sasa walitaka mashine ya kufunga nyuma. Akauomba ukoo umkopeshe.

Ukoo ukaketi sebuleni kwa baba mkubwa. Bonasi ya majani chai ilikuwa imelipwa, na kila mtu alikuwa na mipango yake: karo ya shule, paa la jikoni, ndama. Kwa hiyo kila shilingi iliyotajwa pale ilikuwa na mwenyewe.

Baba mkubwa, ambaye ana kinu cha kusaga mahindi sokoni, hakusita. "Ikinunuliwa, inunuliwe mashine ya nguvu," alisema. "Nguvu za farasi arobaini! Mashine ndogo hukwama gunia la kwanza."

Wote wakaitikia kwa vichwa, isipokuwa nyanya yetu, ambaye sisi humwita cucu. Aliweka kikombe chake chini akauliza, "Na hiyo mashua si mmesema ina tanga? Tanga hilo litakuwa likifanya kazi gani?"

Hakuna aliyemjibu. Ikaamuliwa kwamba mimi, niliyekuwa na likizo, nishuke pwani nikajionee kabla pesa hazijatoka.

Kuyafuata maji

Asubuhi ya kuondoka niliteremka mtoni kunawa uso. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Je, msomaji, umewahi kujiuliza maji hayo huenda wapi? Mito ya Gura na Chania ya Nyeri huteremka kutoka Nyandarua na kuingia katika Sagana. Sagana nayo ndiyo Tana, mto mrefu kuliko yote nchini mwetu, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,000. Njiani mto huo huzuiwa kwenye mabwawa ya umeme: Masinga lililokamilika mwaka 1981, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kisha hupita Garissa, Hola na Garsen kwenye nchi ya joto, na mwisho huingia baharini katika Ghuba ya Ungwana, pale Kipini.

Naam, maji yaliyoosha miteremko ya Wamagana ndiyo yaliyokuwa yakiisukuma mashua ya binamu yangu.

Mimi sikuweza kwenda kama maji. Nilipanda gari hadi Nairobi, kisha Mombasa, Malindi na Garsen, halafu barabara ya Witu na Lamu hadi pale pa kupinda kuelekea Kipini. Nilipofika, sweta niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imekuwa mto wa kulalia.

Nahodha nilimkuta chini ya mwembe akikarabati tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Nyeri? Basi karibu. Mafuriko yenu hutufikia kila mwaka, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuwaona wenye maji."

Nilimweleza habari ya mashine ya farasi arobaini. Hakucheka. Alinyanyuka, akanipeleka ukingoni palipokuwa na mashua yao ikielea, akanipa kamba. "Ivute," akasema.

Nikaivuta kwa mkono mmoja. Mashua ile nzito ya mbao ikanifuata kama mbuzi.

"Sasa kimbia nayo."

Nilijaribu kukimbia mchangani, kamba begani. Hatua chache tu, mashua ikawa nzito kama iliyoshika mwamba. Mbele yake maji yalijaa wimbi, na nyuma tezi yake ikazama. Kadiri nilivyojikaza ndivyo wimbi lilivyokua, lakini mwendo haukuongezeka.

"Umeona?" akasema nahodha. "Ukiwa na haraka, nguvu yako inakwisha kwa kuchimba maji. Hata farasi wako arobaini watachimba maji tu."

Hesabu ya mwendo

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, chukueni kalamu. Chombo kinachokata maji, yaani kisichoteleza juu yake kama boti za mwendo kasi, hujitengenezea wimbi lake chenyewe. Kikienda kasi, wimbi hilo hurefuka hadi likalingana na urefu wa chombo. Hapo chombo huwa kimekaa katikati ya vilele viwili, mbele na nyuma, na kuongeza nguvu ni sawa na kujaribu kupanda mlima usiokwisha.

Kikomo hicho unaweza kukikadiria. Pima urefu wa mashua pale inapogusana na maji, kwa mita. Tafuta kipeo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Mashua ya binamu yangu ilikuwa na mita 6.25 kwenye maji. Kipeo chake cha pili ni 2.5, na ukizidisha kwa 4.5 unapata kilomita 11 na kitu. Mashua ya mita 4 itaishia kilomita 9, na ya mita 9 itafika 13 na nusu. Hayo ndiyo mapenzi ya maji, na hayabadilishwi na mfuko wa mtu.

Baada ya urefu, tazama uzito. Makadirio yanayotumiwa sana kwa vyombo vya tanga ni nguvu za farasi 4 hivi kwa kila tani moja, chombo kikiwa na watu na mizigo yake. Tulikaa na nahodha tukahesabu: mashua yenyewe, tanga na mlingoti, watu watano, nyavu, barafu na samaki. Tukapata karibu tani mbili. Mara nne, ni farasi 8. Ukitaka akiba kidogo kwa siku mbaya, mashine zinazouzwa zina ukubwa wa 8 na 9.9. Arobaini haimo katika hesabu hiyo.

Utasema, "Nitanunua arobaini niiendeshe polepole." Basi fikiri. Mashine ya farasi arobaini ina uzito unaozidi kilo 70, na yote inaning'inia kwenye ubao wa tezi. Fundi wa mashua alinionyesha ubao wa chombo kingine uliopasuka kwa mtikisiko wa mashine iliyouzidi nguvu. Tena, mashine ya petroli ikifunguliwa yote hunywa karibu lita moja kwa saa kwa kila farasi wawili na nusu. Ile ya 9.9 itakunywea kama lita 4 kwa saa. Ya 40 itakunywea 15 au zaidi, na mwendo ni ule ule wa kilomita 11. Samaki wa siku nzima wanaweza kuishia kwenye tangi.

Na iliyo ndogo mno?

Hapo nikadhani nimeshika siri, nikasema, "Basi tununue ndogo kabisa. Mbona mwaka 1909, Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake Marekani, ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu!"

Nahodha alitikisa kichwa. Akanielekeza kwenye mdomo wa mto. Maji yalikuwa yakipwa. Tana ilikuwa ikitoka kwa nguvu, rangi ya udongo, na upepo wa kusi ulikuwa ukiyasukuma mawimbi ya bahari kuingia ndani. Palipokutana, maji yalisimama wima.

"Nilikuwa na mashine ya farasi wawili," alisema. "Siku shwari ilinitosha. Jioni moja nilikuwa narudi, maji yakipwa namna hii. Mlingoti ulikuwa umevunjika, tanga halina kazi. Nilifungua mashine yote. Nikatazama mnazi ule pale. Baada ya saa nzima, mnazi ulikuwa pale pale. Petroli ikaisha. Tulilala nje watu saba, tukitoa ngama kwa kopo moja la rangi. Mdogo kuliko wote alikuwa mwanangu."

Alinyamaza, nami sikuuliza zaidi. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa ametuletea chai.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashine ya mashua ya tanga haipimwi kwa siku ya raha, wala kwa kushindana na boti za watalii. Hupimwa kwa ile saa moja mbaya: upepo umegoma au umekugeukia, mkondo unakupinga, na giza linaingia. Katika saa hiyo iwe na nguvu ya kukurudisha. Zaidi ya hapo ni fahari tu.

Usisahau mguu na rafadha

Mambo mengine mawili huwaponyoka wanunuzi wengi. La kwanza ni urefu wa mguu wa mashine. Mguu mfupi ni wa ubao wa tezi wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na mrefu ni wa sentimita 51. Mashua ya tanga hupanda na kushuka mawimbini, kwa hiyo mguu mfupi hutoka majini kila tezi inapoinuka, na mashine hupiga kelele bila kusukuma chochote. Pima ubao wako kabla ya kwenda dukani.

La pili ni rafadha, yale mapanga yanayozunguka majini. Mashine nyingi huuzwa na rafadha ya boti nyepesi ya kukimbia. Mashua nzito inataka mapanga mapana yenye mkunjo mdogo, kama vile lori la majani chai linavyotaka gia ya kwanza kwenye kilima cha Wamagana. Mwambie muuzaji ni chombo cha namna gani, usimwambie tu nguvu za farasi.

Kurudi nyumbani

Nilirudi Wamagana na hesabu zangu kwenye daftari. Baba mkubwa alisikiliza, kisha akauliza swali la haki: "Mbona kinu changu kidogo kilikwama?"

Nilikuwa nimejiandaa. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni hafifu. Mji wa Nyeri wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kinu chake cha kwanza kilikuwa kimepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu kabla ya kuona punje ya mahindi. Isitoshe, mahindi yakiongezewa nguvu husagika upesi, lakini maji hayakubali. Kwa hiyo hakukosea kuhusu kinu. Alikosea kudhani bahari ni kinu.

Mzee alicheka hadi akapangusa macho. Tukakubaliana juu ya 9.9, yenye mguu mrefu. Pesa zilizobaki hazikurudi mifukoni zote. Sehemu ilinunua majaketi matano ya kuokolea maisha, makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu na rafadha ya akiba.

"Na tanga?" akauliza cucu.

"Tanga linabaki, cucu. Nahodha alisema mashine ni mkongojo, tanga ndilo miguu."

"Mimi nilijua," akasema, akachukua kikombe chake.

Msomaji, huenda huna mashua wala hutarajii kuwa nayo. Lakini iwe ni pampu ya maji, pikipiki au jenereta, siku utakayosimama mbele ya muuzaji akikuonyesha iliyo kubwa zaidi, muulize kwanza kazi yenyewe ni ipi, na saa yake mbaya ni ipi. Ukiweza kumtuma mtu akavute kamba kabla ya kulipa, mtume. Nauli yangu ya kwenda Kipini ilikuwa ndogo sana kando ya bei ya mashine tuliyokaribia kununua.

Mvua ikinyesha Wamagana siku hizi, mimi hufikiria mdomo wa Tana, na chombo kidogo kinachorudi nyumbani jioni, tanga likiwa limekunjwa, mashine yake ikiunguruma taratibu, na ule mnazi ukibaki nyuma.