Maumivu ya Vidole na Mishipa ya Fahamu

Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono, na mwenye kazi hii riziki yake imo katika ncha za vidole. Miaka michache sasa kiungo cha kati cha kidole changu cha shahada kimevimba, na maumivu yake hunizuia hata kuishika sindano.

Wengi huyaita maradhi haya baridi yabisi, lakini jina hilo hukusanya maradhi mengi. Haya yangu ni ya kulika kwa gegedu, yaani ule utando mgumu na laini ufunikao ncha za mifupa ili isisuguane.

Dawa za kupaka na za kumeza zisipofaa, madaktari hutaja upasuaji. Yawezekana mifupa miwili ya kiungo ikaunganishwa iwe mmoja: maumivu huondoka, lakini kidole hakikunjiki tena mahali pale. Yawezekana pia kutiwa kiungo cha bandia. Na iko njia ya tatu, nayo ni kukata vijishipa vya fahamu vipelekavyo maumivu kutoka katika kiungo. Mwaka 1966 daktari Albrecht Wilhelm wa Ujerumani alichapisha maelezo ya mishipa ya viungo na namna ya kuikata.

Nilimwuliza daktari, “Je, kidole hakitapooza?” Akanijibu kwamba mishipa iamrishayo misuli haiguswi, na ile mikubwa iletayo hisi katika ncha ya kidole huachwa, ijapokuwa pengine ngozi hubaki na ganzi kidogo. Lakini hakunificha jambo: gegedu iliyolika hairudi, kiungo huendelea kuchakaa, na kwa baadhi ya watu maumivu hurejea.

Mke wangu ataka nipasuliwe upesi. Mwanangu mkubwa asema niiache kazi. Mimi nahitaji kidole kinachokunjika, kwa hiyo nimeichagua njia ya tatu. Kwanza daktari atanichoma sindano ya ganzi kando ya kiungo. Maumivu yakitulia kwa muda, itakuwa dalili njema, inshallah.

Enyi vijana, mzee akilalamikia vidole vyake, msimwambie kuwa ni uzee tu. Mpelekeni kwa tabibu, na kabla ya kisu mwulizeni: kitaondoka nini, kitabaki nini, na nini chaweza kurejea? Kisha mwacheni mwenye mkono aamue.