Wiki Moja na Kashata

Yote yalianza na video. Ilikuwa saa saba usiku, nimejilaza getoni Changanyikeni, kazi ya saikolojia ya elimu iko mbele yangu haijaandikwa hata mstari mmoja, na simu inanionyesha kamnyama ka kijivu, laini kama pamba, masikio ya duara, mkia kama wa kindi, kanagaagaa kwenye bakuli la vumbi. Chinchila. Nikaangalia mara nne. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Naomba usicheke. Muhula ule mwenzangu tuliyekuwa tunachangia chumba alikuwa ameahirisha masomo kwa sababu ya ada, akarudi kwao. Kitanda chake kikabaki na godoro tupu. Mimi nimekulia nyumba ya watoto sita. Mpaka nafika miaka 21 sikuwahi kulala chumba peke yangu. Jioni nilikuwa nafungua mlango nasema "hodi" kwa mazoea, halafu naona aibu. Nilitaka tu kitu cha kunipokea.

Kesho yake nikamsoma chinchila kama nasomea UE. Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwenye mawe na baridi. Wa porini waliobaki wako hasa Chile. Manyoya yake ni mazito ajabu: kitundu kimoja cha ngozi kinatoa nywele zaidi ya 50. Manyoya hayo hayo ndiyo yaliyomponza, maana aliwindwa kwa ajili ya makoti ya watu mpaka akakaribia kuisha. Mwaka 1923 mhandisi mmoja wa migodi, Mmarekani Mathias Chapman, alisafirisha chinchila 11 kwa meli kutoka Chile mpaka California, na wengi wanaofugwa leo Marekani ni uzao wa hao. Mnyama huyu haogi maji, anaoga vumbi, kwa sababu manyoya yakilowa hayakauki upesi na ngozi inaota ukungu. Ukimkamata kwa nguvu anakuachia manyoya mkononi anakimbia. Usiku ndiyo mchana wake. Na hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 25 tayari yuko hatarini.

Hapo nikainua macho nikaangalia bati. Chumba changu hakina dari. Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nane mchana, feni moja inayozungusha joto lile lile. Yaani ningekuwa nimemtoa mnyama bara jingine nije kumwoka. Halafu nikasoma kwamba akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 15, wengine hata 20. Nikafunga simu. Ndoto ya chinchila iliishia hapo, na sina kinyongo nayo.

Ila hamu haikuisha. Ndipo akaja Kashata.

Kashata alikuwa sungura dume, rangi ya kahawia yenye madoa meupe, wa kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyepanga vyumba viwili kutoka kwangu. Mwezi wa tatu yule kaka alipata msiba kwao Mafinga. Akaja mlangoni na boksi. "Dada, nisaidie wiki moja tu. Na ukimpenda, nikimaliza chuo mwezi wa saba nakuachia jumla." Nikaona kama mtihani niliotungiwa na Mungu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilimnunulia karoti. Katuni zimetudanganya sana, jamani. Karoti kwa sungura ni kama peremende, chakula chake hasa ni nyasi, tena nyasi kavu nyingi, kutwa kucha, kwa sababu meno yake yanaota maisha yote na asipoyasaga yanarefuka mpaka anashindwa kula. Kashata alipokosa nyasi alisaga waya wa chaja ya laptopu yangu. Sikumlaumu, ingawa ile chaja ilikuwa ya kuazima.

Siku ya pili nilitaka kumpakata. Nilishajiona niko kitandani nasoma, sungura kifuani, kama zile picha. Akanikwaruza mkono mpaka damu. Baadaye nikaelewa: ukimnyanyua sungura miguu ikaachana na ardhi, mwili wake unajua jambo moja tu, kwamba amekamatwa na mwewe. Nikajaribu njia nyingine. Nikakaa chini sakafuni nikaendelea na notisi zangu, simtazami. Baada ya nusu saa hivi akaja mwenyewe, akanusa kidole cha mguu, akaondoka. Nilifurahi kuliko siku boom lilipoingia.

Mama mwenye nyumba alichungulia dirishani. Nikamwamkia, akaitikia, macho yako kwa Kashata.

"Mwanangu, huyo si kitoweo?"

"Hapana mama, ni wa kufuga tu."

"Wa kufuga tu," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi akakuta haujakolea chumvi.

Siku ya nne ndiyo iliyoamua mambo. Ilikuwa Alhamisi, tuna zamu ya kufundishana darasani, kila mtu dakika zake mbele ya wenzake na mhadhiri. Nilitoka saa mbili asubuhi, feni ikiwa imewaka, dirisha wazi. Kumbe saa tano umeme ulikatika. Nilirudi saa kumi. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Kashata alikuwa amelala ubavu karibu na ukuta, kichwa kimeinuka juu, anahema haraka haraka, pua imelowa. Sungura naye hatoki jasho. Anategemea yale masikio yake kupoza damu, na masikio hayatoshi chini ya bati.

Nilipiga kelele. Mama mwenye nyumba alikuja na kitambaa na maji. "Yalowanishe masikio, usimtumbukize!" Mpaka leo sijui alijulia wapi, labda kuku zake. Tukambeba tukampeleka uani chini ya mwembe. Jirani mmoja alikuwa na chupa ya maji yaliyoganda kwenye friji. Tukaifunga khanga tukaiweka pembeni yake. Baada ya kama saa moja pumzi ikatulia. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu hakula. Jioni hakula, usiku hakula, na wala hakunya. Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kuogopa: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama. Likisimama nusu siku, anaweza kufa. Usiku ule sikulala. Nilikaa naye sakafuni nikimdondoshea maji mdomoni kwa sindano isiyo na ncha, nikimpapasa tumbo taratibu, naye hanikwaruzi tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Saa kumi alfajiri nilijikuta nalia. Si kwa ajili yake peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemchukua kiumbe anipunguzie upweke, na sasa yuko hivi kwa sababu yangu, na hajui hata kwa nini aliletwa chumba kile.

Asubuhi nikakosa kipindi nikampeleka kwenye duka la dawa za mifugo. Bwana mifugo alinitazama mimi, akamtazama Kashata. "Wa biashara?" Nikasema wa kukaa naye. Hakucheka, namshukuru. Akamchunguza, akamchoma sindano, akaniambia nimpe nyasi mbichi zenye umande na nimwache atembeetembee. Elfu kumi na tano. Siku hiyo na iliyofuata nilikula uji mchana na usiku.

Saa tisa alasiri, chini ya mwembe, Kashata alitoa vinyesi vitatu vidogo vya mviringo. Nilimpigia mama yangu simu kumpa habari. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama chuoni nasoma kweli.

Yule kaka aliporudi nilimweleza yote, bila kuficha. Kisha nikamwambia siwezi kumchukua. Nilikuwa nimeshapiga hesabu usiku: mwezi wa saba natoka kwenda TP karibu miezi miwili, mkoa sijui upi. Nani atamlisha? Sungura wa kufugwa anaishi miaka 8 hadi 12. Nikimaliza ualimu nitasubiri ajira, nitarudi kwa mama au nitajitolea shule fulani, nikipangiwa kazi inaweza kuwa Lindi, inaweza kuwa Kigoma, na Kashata kwenye boksi ndani ya basi. Na bati ni lile lile. Hakuna hata moja kati ya hayo nililolifikiria nilipokuwa naangalia video saa saba usiku. Ningekuwa na nyumba yenye kivuli na mtu anayebaki mchana, jibu langu lingekuwa jingine.

Alinyamaza. "Basi ntamtafutia mwingine," akasema, na kwa wiki kadhaa salamu zetu zilikuwa fupi. Nilimwelewa. Alidhani amepata mtu.

Hakupata mwingine. Wapo waliomtaka, lakini wote waliuliza ana kilo ngapi. Mwishoni mwa mwezi wa sita alipanda naye basi la Iringa, boksi limetobolewa matundu, limejazwa nyasi nilizomkatia mimi nyuma ya maktaba. Mafinga mwezi ule ni baridi ya koti. Hata chinchila angeiweza.

Kitanda cha pili kina mtu sasa. Mwenzangu alipata ada, amerudi, anakoroma.

Wiki iliyopita yule kaka alinitumia picha. Kashata amenenepa, yuko kwenye majani mabichi, masikio wima. Nyuma yake, ukikuza picha, yanaonekana mabanda mengine ya mbao, matano au sita, ya mama yake. Nilijibu: "Amependeza sana, kaka, asante." Sijauliza mabanda yale ni ya nini.