Friji Nayo Hupumua

Akina mama wenzetu, sisi wa Makanyagio, Mpanda, tukienda Karema ziwani kwa pikapu iliyofunikwa turubai, hubeba friji ndogo yenye insulini ya mwanetu. Dawa hiyo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, wala isigande. Friji hutoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Joto hilo likifungiwa chini ya turubai, friji huhangaika bure na kumaliza betri. Basi tunaitenga kidogo na ubao wa gari, tunafungua turubai chini hewa iingie, na juu joto litoke. Tukisimama, tunatafuta kivuli cha mwembe. Kipimajoto kikionyesha 5, tunakula dagaa wetu kwa amani.