Pale Uppsala, Niliponyimwa Chupa

Uppsala ni mji wa chuo kikuu nchini Sweden, si mbali na Stockholm kwa treni. Mto Fyris unapita katikati ya mji, na kanisa kuu la matofali mekundu linaonekana kabla msafiri hajashuka garini. Nilikwenda huko kumwona mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliyekuwa akisoma katika chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1477.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jioni tulikuwa tumealikwa chakula kwa mzee mmoja Mswidi aliyepata kufanya kazi Tanzania katika ujana wake. Niliona si adabu kwenda mikono mitupu, nikasema tununue chupa ya mvinyo.

"Basi tufanye hima, Mjomba," alisema mpwa wangu, "duka linafungwa saa tisa."

Nilicheka. Duka la pombe lifungwe saa tisa alasiri siku ya Jumamosi, saa ambayo kwetu watu ndiyo kwanza wanavuta viti! Kumbe ndivyo ilivyo. Nchini Sweden kinywaji kikali kuliko bia nyepesi ya asilimia 3.5 huuzwa katika maduka ya shirika la serikali liitwalo Systembolaget. Tangu Juni 2025 watengenezaji wadogo wameruhusiwa kuwauzia kiasi kidogo wageni wanaotembelea mashamba na viwanda vyao. Nje ya hao hakuna duka jingine. Siku za kazi maduka hayo hayapitishi saa mbili usiku, na Jumapili hayafunguliwi kabisa.

Tuliingia. Ndugu msomaji, duka lile lilikuwa kimya na safi kama duka la dawa. Hapakuwa na muziki wala tangazo la kumpunguzia bei anunuaye nyingi. Bia hazikuwekwa kwenye barafu, na anayetaka chupa moja alinunua moja. Mpwa wangu, kwa kuwa anaijua lugha, alinichagulia mvinyo, akauweka mbele ya mwuzaji. Mimi nikatoa fedha.

Yule dada hakunitazama mimi. Alimtazama kijana, akamwomba kitambulisho. Alipokwisha kukisoma aliisogeza chupa kando, akasema kwa upole kwamba hawezi kutuuzia. Nilimweleza kwa Kiingereza kwamba fedha ni zangu, kwamba nina miaka 63, na mvi zangu ni shahidi. Alitikisa kichwa kwa heshima na kurudia neno lile lile. Watu waliokuwa kwenye foleni hawakucheka wala kunung'unika.

"Kosa ni langu, Mjomba," alisema mpwa wangu tulipotoka. "Nisingeigusa ile chupa." Njiani tulinunua maua.

Mwenyeji wetu aliposikia kisa hicho alisema, "Angewauzia, hapo ndipo ningeshangaa." Akatueleza. Dukani umri wa kununua ni miaka 20, ingawa katika mikahawa kijana wa miaka 18 huweza kuandaliwa kinywaji. Mwuzaji hukataa mambo matatu: kumwuzia aliye chini ya umri, kumwuzia aliyekwisha kulewa, na kumwuzia mtu mzima anayeshukiwa kumnunulia kijana. Mimi nilionekana kuwa huyo wa tatu.

Nilidhani labda Waswidi si watu wa pombe. Mzee alicheka sana. Katika karne ya 19, alisema, pombe kali iliyopikwa majumbani iliharibu familia nyingi. Mwaka 1865 mji wa Göteborg ukajaribu njia mpya: biashara ya pombe kali ikakabidhiwa kampuni moja, na faida yake ikaelekezwa katika mahitaji ya mji, ili mwuzaji asiwe na tamaa ya kumjaza mnywaji. Baadaye daktari mmoja, Ivan Bratt, alianzisha kitabu cha mgawo, na kila chupa iliyonunuliwa ikaandikwa humo. Wanawake walioolewa kwa kawaida hawakupewa kitabu hicho. Mwaka 1922 wananchi walipiga kura juu ya kupiga pombe marufuku, na waliokataa marufuku wakashinda kwa tofauti ndogo sana. Kitabu kilifutwa Oktoba 1955.

"Hata leo wako wanaokwenda kununua Ujerumani na kurudi na gari limejaa," alisema. "Sisi si malaika. Lakini yule dada anayekataa hapotezi kitu."

Maneno hayo sikuyasahau, kwa sababu yalinirudisha Morogoro, katika utoto wangu. Jioni baba akitoka kiwandani alitutuma, mimi na mdogo wangu, na kidumu kwa mama mmoja aliyepika komoni. Mama yule alitupimia, hakuuliza neno. Angeuliza nini? Alimjua baba, na sisi alitujua. Njiani mdogo wangu alikuwa akinywa mafunda mawili, eti kidumu kisimwagike. Nyumbani tulicheka sote, hata baba. Mdogo wangu hakufika miaka 40.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama yule moyoni. Lakini angekataa, baba angekasirika, na kesho yake angehamia kwa mpishi mwingine, na watoto wa yule mama wangelala njaa. Dada wa Uppsala alikataa, na mshahara wake haukupungua hata senti. Nyuma yake ilisimama sheria, na nyuma ya sheria walisimama wale watu wa foleni walionyamaza.

Kwetu nako sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Tarehe 1 Machi 2017 pombe ya vifuko, ile tuliyoiita viroba, ilipigwa marufuku nchini. Lakini mtoto anayesema "nimetumwa na baba" bado humtia mwenye duka katika taabu ile ile ya mama wa komoni: amkasirishe jirani, au apime.

Wiki niliyorudi Dar es Salaam nilipata mgeni. Kwa mazoea nilimwita mjukuu wangu, mvulana wa miaka 11, nimpe fedha akalete bia mbili. Alikuja mbio, akasimama mbele yangu na mkono wazi. Nikamwambia arudi kwenye daftari lake, nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe.

"Mzee, leo umekuja wewe?" aliuliza mwenye duka. "Mjukuu anaumwa?"

"Mzima," nilimjibu. "Ila akija tena, mnyime. Hata akikuambia kwamba nimemtuma mimi."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Ahsante, Mzee."