Cha juu kinachoua injini

Gari likichemsha Arusha, neno la kwanza utakaloambiwa ni gasketi. Pita gereji za Unga Limited, shuka mpaka kwetu Themi upande wa viwandani, sema tu kwamba mshale wa joto umepanda, na fundi asiye na subira atakujibu kabla hajafungua boneti: gasketi ya hedi imeungua, tufungue. Kufungua hedi ya 1HZ, ile injini ya dizeli ya silinda sita na lita 4.2 inayosukuma Land Cruiser nyingi za wageni wa mbuga za kaskazini, si kazi ndogo. Kuna gasketi, kuna hedi kupelekwa kuchongwa, kuna oili, kulanti, mipira, na gari kulala gereji wakati wageni wameshatua KIA. Mwenye gari analipa mamilioni kwa neno lililosemwa bila kipimo chochote.

Mimi ni fundi, na nimekulia katika kazi hii. Naipenda. Ndiyo maana inaniuma kuona tunavyoiharibu.

Tuliwahi kuletewa Land Cruiser iliyokuwa imeshafunguliwa hedi kwingine. Gasketi mpya, rejeta mpya, mwenyewe ameshalipa kila kitu, na bado lilichemsha palepale, kwenye mlima wa kutoka lango la Lodoare kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Alishaambiwa kwamba sasa hedi yenyewe ina ufa, inunuliwe nyingine. Dereva wake alikuwa mtu makini, na maelezo yake yalikuwa nusu ya matengenezo. "Fundi," aliniambia, "mjini halina shida. Makuyuni halina shida. Nikishapita geti, napanda ule msitu, ndiyo linaanza kutema maji kwenye chupa ya akiba."

Hatukushika spana. Tulisubiri injini ipoe, tukatoa mfuniko wa rejeta. Ulikuwa mpya, unang'aa, na juu yake pamegongwa 0.9, yaani mgandamizo unaotakiwa kuhimiliwa na springi yake. Nikaubonyeza kwa kidole gumba: springi ikazama bila ubishi wowote. Tukaufunga kwenye pampu ya kupimia, mshale haukufika hata nusu ya hiyo namba, mfuniko ukaachia upepo.

Hapo ndipo penye siri ya mlima ule. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 92. Injini yenye afya, ikiwa na mzigo wa watu na mizigo mlimani, hufika joto hilo na kulipita. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaofungiwa ndani ya rejeta: mfuniko mzima hukisukuma kiwango cha kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 110, hata kule juu. Mfuniko uliolegea unaiacha rejeta kama sufuria lililo wazi jikoni. Tulifunga mfuniko wa kweli, gari likapanda Ngorongoro na kurudi, na hedi iliyohukumiwa kuwa na ufa iko kazini mpaka leo.

Swali ninalotaka wenye magari walifikirie ni hili: mfuniko feki uliingiaje kwenye gari la kampuni yenye pesa, tena pamoja na rejeta mpya?

Uliingia kwa njia ya cha juu. Tuseme wazi jinsi kazi yetu inavyoendeshwa. Mteja anakuja, tunapatana ufundi. Nikitaja laki, ananiambia fundi wa jirani anafanya kwa elfu thelathini. Hatukatai, kwa sababu njaa ipo. Halafu mteja huyohuyo anatoa pesa ya spea bila kuuliza sana, kwa kuwa spea anaiona na kuishika, ila ujuzi wa kichwani hauoni. Fundi anakwenda dukani. Muuzaji anamwekea mezani boksi mbili zinazofanana, moja orijino na moja ya kuigiza. Ya orijino inamwachia fundi kidogo sana. Ya kuigiza inaandikiwa risiti bei ya orijino, tofauti, ndiyo cha juu chenyewe, inagawanywa. Fundi aliyepunjwa ufundi anajilipa kwenye spea, na injini ndiyo inayolipia ile tofauti. Simtetei. Nasema tu kwamba feki haina haja ya kumdanganya fundi. Mara nyingi fundi anaijua vizuri, na anaichukua kwa sababu ndiyo inayomlisha.

Kwetu tuliamua ufundi uandikwe peke yake na ulipwe kwa bei yake. Kupima nako kunalipiwa, hata kama jibu litakuwa mfuniko wa elfu chache. Spea mteja anailipia mwenyewe dukani kwa lipa namba, risiti ya EFD inatoka kwa jina lake, na kitu kilichotolewa kwenye gari kinawekwa kwenye mfuko wake akakione. Wapo waliotukimbia kwa sababu ya bei ya ufundi. Wengine wamerudi, na sikuwauliza walikokuwa.

Thamostati nayo nataka kuisemea, maana imeonewa sana. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha wanaitoa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto. Arusha ya Julai, na ukungu wa Meru asubuhi, ni nchi ya joto? Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta na kusagika silinda. Sisi tunaipima mbele ya mteja: jiko, sufuria la maji, kipimajoto, na thamostati imening'inizwa kwa waya isiguse chini. Juu yake pamegongwa namba, mara nyingi 82. Maji yakikaribia hapo, valvu inaanza kuachana na kiti chake taratibu. Ya feki utaiona imefunga mpaka maji yanachemka, au imekaa wazi tangu maji ya baridi. Nimeona akina mama wenye Noah za biashara wakisimama kuangalia sufuria lile mpaka mwisho, na tangu siku hiyo hakuna fundi anayewatolea thamostati.

Filta ya oili tunaikata kwa msumeno. Ya kweli karatasi zake zimejipanga kwa karibu na ndani kuna valvu yenye springi. Ya kuigiza karatasi ni chache, gundi imemwagika. Beringi na stata za mtumba wa Japani tunazipokea kwa moyo mmoja, maana zilizotoka kiwandani kwao hata zikichakaa kidogo hushinda mpya ya boksi la uongo. Padi za breki, mikanda na vitu vya mpira vya mtumba hapana, kwa bei yoyote.

Maduka mengi yana maandishi kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Watu wanayasoma na kunyamaza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamdai mfanyabiashara wa spea auze kitu kinachofaa kwa kazi uliyomweleza, kama umemtegemea yeye na ujuzi wake. Bidhaa za kughushi ziko chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayozikamata. Lakini yote hayo yanaanzia kwenye karatasi. Risiti iliyoandikwa "spea" tu haikusaidii popote. Mwambie muuzaji gari lako ni aina gani, injini gani, kitu hicho kinakwenda kufanya nini, na aandike hayo kwenye risiti pamoja na neno orijino kama ndivyo alivyokuuzia. Akikataa kuliandika, acha boksi lake mezani, nenda duka linalofuata.