Kibao cha Shingoni

Nilikwenda Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya Welisi, kusomea ualimu. Kiwelisi nilikianza kwa udadisi tu. Wenzangu walinicheka, wakauliza mtu wa Taita atakipeleka wapi Kiwelisi. Sikuwa na jawabu.

Siku za kwanza zilikuwa chungu. Nililitafuta neno nhad katika kamusi mchana kutwa nisilione. Kumbe baba ni tad, lakini baba yangu ni fy nhad. Baba yake ni ei dad akitajwa mwanamume, na ei thad akitajwa mwanamke. Herufi ya mwanzo haitulii! Nilikaribia kukata tamaa, kisha nikakumbuka kuwa mgeni aitafutaye "ndimi" katika kamusi yetu naye hutaabika, maana imelala chini ya "ulimi". Tangu hapo sikunung'unika.

Ushairi ndio ulionishika hasa. Ubeti wao uitwao englyn una mishororo 4 na mizani 30 kamili, wala kupatanisha vina hakutoshi: ndani ya mshororo sauti hazina budi kuitikiana, na mara nyingi konsonanti za nusu ya kwanza hurudi kwa taratibu ile ile katika nusu ya pili. Mimi niliyezoea mizani 8 kwa 8 nilijiona nyumbani.

Siku moja mwalimu alituonyesha picha ya kipande cha mti chenye herufi W na N. Katika karne ya 19, katika baadhi ya shule za Welisi, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kipande hicho shingoni; alikivua kwa kumvika mwenziwe aliyekosa kama yeye, na aliyekutwa nacho jioni alipigwa. Ayalandi nako mtoto alivikwa kijiti, kikatiwa pengo kila aliposema Kiayalandi, na mapengo yakahesabiwa kabla ya adhabu.

Wenzangu waliitazama picha ile kama kitu cha kale. Mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe. Shuleni kwetu kibao kilifungwa kwa uzi wa katani. Nilikivaa kwa neno moja la Kitaita, nililomwambia ndugu yangu mdogo alipoanguka. Na ili nikivue, nilimngoja yeye yule aseme. Alisema. Jioni akapigwa yeye.

Darasa lilipokwisha sikwenda kula. Nilikaa nikamwandikia ndugu yangu barua kwa Kitaita, lugha ambayo sikuwahi kuiandika, nikisimama mara kwa mara nisijue neno liandikwe vipi. Alinijibu kwa Kiingereza, akiuliza kama ni mgonjwa.